Kona ya Kadi: Maswali Yenu Kuhusu Mirage

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu Mirage, ile seti ya nyongeza ya Magic: The Gathering iliyotoka Oktoba 1996, nikasema mwenye swali alete. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nimeshindwa kuzijibu zote, kwa iyo nimechukua yale maswali yaliyorudiwa na wengi alafu mengine mawili matatu ambayo mwenyewe nimeyapenda.

Kwa ambaye hajui kabisa tunaongelea nini: Magic ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield, ulianza kuuzwa 1993, kila mchezaji ni mchawi anayeita viumbe na kurusha uchawi kwa nguvu inayoitwa mana, na mana unaipata kwenye kadi za ardhi. Kila baada ya muda inatoka seti mpya ya kuongezea kadi kwenye mchezo. Mirage ni moja ya hizo seti, ina kadi 350, na dunia yake imechorwa kwa sura ya Afrika, bara la kubuni linaloitwa Jamuraa. Haya twende.

SWALI: Kaka shikamoo. Mjomba kanipa boksi la kadi za zamani, humo kuna kadi kama mia hivi zina kialama cha mti kama mnazi, kiko chini ya picha upande wa kulia. Shida ni kwamba vialama vyote ni vyeusi, wakati kadi zangu mpya zina rangi ya dhahabu kwa zile adimu. Sasa nitajuaje ipi adimu ipi ya kawaida? Na nitajuaje si feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mshukuru sana mjomba. Huo mnazi ndo Mirage yenyewe. Vialama vyote kuwa vyeusi si kasoro, ile habari ya kuweka rangi kuonyesha kadi ni ya kawaida au adimu ilianza na seti ya Exodus mwaka 1998, na namba ndogo za mpangilio zile za chini ya kadi nazo zilianza hapo hapo. Kwa iyo ukishika Mirage kadi haikwambii kitu, lazima uangalie orodha ya seti. Mgawanyo wake ni rahisi kukumbuka: 110 za kawaida, 110 za kati, 110 adimu, alafu ardhi za msingi 20, yani aina tano na kila aina ina michoro minne.

Kuhusu feki, anza na vitu vinavyoonekana kwa macho. Kadi za Mirage zina mpaka mweusi. Ukiona kadi ileile ina mpaka mweupe basi ilichapwa tena baadaye kwenye seti nyingine, mfano zile kadi za kutafutia zinazoitwa tutor zilirudi kwenye Sixth Edition ya 1999 na mpaka mweupe, hiyo ni halali kabisa ila si Mirage. Na ukiona kadi yenye mnazi inang'aa ng'aa kama kioo, mtu asikudanganye, kadi za kung'aa kwenye pakiti zilianza na Urza's Legacy mwaka 1999, Mirage ilikuwa imeshapita. Zaidi ya hapo chukua kadi ya kawaida ya Mirage ambayo huna wasiwasi nayo, maana hakuna wa kuhangaika kughushi kadi ya bei ya chini, iweke pembeni ya ile unayoitilia shaka, tazama unene, rangi ya mgongo, na kwa lensi tazama zile nukta za uchapaji. Tafadhali usiikunje kadi kuijaribu. Nimeona watu wanafanya hivyo na roho inaniuma, kadi imekaa salama miaka yote hiyo alafu inakuja kuvunjwa siku inayokaguliwa.

SWALI: Mimi na kaka yangu tumegombana mpaka tumekusanya kadi tukaacha kucheza. Nilishambulia na Zhalfirin Knight, akakinga na kiumbe cha 2/1 (yani kinapiga 2, na pigo 1 linatosha kukiua), nikamwambia kiumbe chako kimekufa kwa sababu ya Flanking, akasema sawa kimekufa ila na mimi nimekingwa kwa iyo hapati pigo. Nikasema kama mkingaji amekufa kabla njia si iko wazi? Nani yuko sahihi?

JIBU: Kaka yako yuko sahihi, mpigie simu leo.

Hebu niielezee vizuri maana flankingi ndo utamu wa Mirage na watu wengi wanaicheza nusu nusu. Neno lenyewe linasema hivi: kiumbe ambacho hakina flankingi kikikikinga kiumbe chenye flankingi, yule mkingaji anapungua -1/-1 mpaka mwisho wa zamu. Ni picha ya mpanda farasi anayekupitia ubavuni. Inatokea pale pale anapotangaza kukinga, kabla ya mapigo yoyote, kwa iyo yule wa 2/1 anakuwa 1/0 anakufa bila kumgusa farasi wako. Lakini mshambuliaji akishakingwa amekingwa, hata mkingaji akitoweka, hapigi mchezaji labda awe na uwezo wa kukanyaga mpaka nyuma. Kaka yako amepoteza kiumbe ameokoa uhai, hiyo ndo bei aliyoilipa.

Sasa tazama hesabu zinavyonoga. Knight wako ni 2/2. Akikinga na 2/2 mwenzake, mkingaji anakuwa 1/1, anapiga moja tu, anakufa, wewe unabaki. Akikinga na 2/2 wawili, wote wanakuwa 1/1, wewe unagawa pigo moja moja unawaua wote ila na wao kwa pamoja wanakupiga mbili, unakufa, umebadilisha mmoja kwa wawili si mbaya. Lakini Zhalfirin Knight ukimlipia mana nyeupe mbili anapata kupiga kwanza, hapo anawaua wote wawili kabla hawajainua mkono na yeye anabaki amesimama. Kwa iyo mpinzani mwenye akili akiona umeacha ardhi nyeupe mbili hazijalazwa (kadi ikitumika unailaza upande) hakingi kabisa, na hapo umepiga bure. Hii ndo sababu naipenda sana flankingi kuliko maneno mengi yaliyokuja baadaye, inamfanya mtu afikirie kabla hajagusa kadi.

Mambo mawili ya mwisho: haifanyi kazi farasi wako akiwa ndiye anayekinga, ni mpaka awe anashambulia. Na flankingi kwa flankingi hazidhuriani, wapanda farasi wawili wakikutana wanapigana kawaida.

SWALI: Naomba unisaidie huu uwezo wa viumbe unaoitwa phasing. Nimesoma kadi mara kumi sielewi, kiumbe kinakwenda wapi? Kinarudi lini? Nina Sandbar Crocodile.

JIBU: Usijilaumu, hiki kitu kiliwatesa wengi mpaka waundaji wakakiweka kabatini kwa miaka mingi.

Kiumbe chenye feizingi (ndo hiyo phasing) hakiendi popote. Hakiendi makaburini, yani kwenye rundo la kadi zilizokufa au kutumika, wala hakirudi mkononi, kinabaki mezani kwako ila mchezo unajifanya hakipo. Kipo hakipo. Basi ukilikubali hilo tu, mengine yote yanafuata yenyewe: uchawi wa kuua viumbe vyote ukipita haukigusi, kadi iliyobandikwa juu yake inaondoka nacho na inarudi nacho, kaunta zake (vile vidude vya kuhesabia vinavyowekwa juu ya kadi) zinabaki vilevile, na kikirudi hakihesabiki kama kimeingia mezani upya, kwa iyo zile kadi zinazosema "kiumbe kikiingia fanya hivi" hazisikii kitu.

Ratiba yake sasa, tumtumie huyo mamba wako. Ni 6/5 kwa mana tano, mkubwa sana kwa bei hiyo, na feizingi ndo kodi yake. Umemuita zamu yako ya tano. Zamu ya mpinzani yupo, anaweza kukukinga. Zamu yako ya sita inapoanza, kabla hujasimamisha kadi zako zilizolala, anatoweka. Zamu nzima yako hayupo na zamu ya mpinzani hayupo. Zamu ya saba inapoanza anarudi na anashambulia hapo hapo, hana haja ya kusubiri, kwa sababu muda wote alikuwa wako. Ameshambulia amelala. Zamu ya nane anatoweka akiwa amelala hivyo hivyo kwa sababu kutoweka kunatangulia kusimamisha, ya tisa anarudi amelala na anasimama palepale na wenzake. Yani kwa ufupi anapiga zamu moja anaruka moja, na ukishambulia naye usimtegemee kukukinga.

Zamani tokeni, yani kiumbe kinachoundwa na kadi nyingine bila kuwa na kadi yake, ikifeizi ilikuwa inapotea moja kwa moja, siku hizi kanuni imebadilika inarudi kama wengine, kwa iyo ukisoma maelezo ya zamani ukakuta tofauti usishangae. Na hicho kitu kimerudi kwa kishindo, kadi ya Teferi's Protection ya 2017 inafeizisha vitu vyako vyote kwa mpigo mmoja na leo ni kadi inayotafutwa sana na wachezaji wa Commander, moja ya namna za kucheza Magic. Waliokuwa wanakicheka mwaka 1996 sasa wanakihitaji.

SWALI: Kaka nimeona kadi imeandikwa Burning Shield Askari. Askari! Hili si neno letu? Limefikaje kwenye kadi ya wazungu? Yapo mengine? Na Magic iliyochapwa kwa Kiswahili ipo?

JIBU: Hili swali nimelisubiri kwa hamu, asante dada yangu.

Ndio, ni lilelile neno letu, ingawa na sisi asili yake tumelipata Kiarabu. Na wako wawili, kuna Burning Shield Askari na Searing Spear Askari, mmoja wa ngao ya moto mmoja wa mkuki wa moto, wote wekundu, wote wapanda farasi wenye flankingi. Waundaji walitaka dunia yenye sura ya Afrika kwa iyo wakachota majina huku na kule, mengine ya kubuni kabisa kama Zhalfir na Femeref, mengine ya Kiarabu, na mengine ukiwa Mswahili unayasikia yanakuita.

Chukua Ekundu Cyclops. Ni jitu la jicho moja, kadi nyekundu, na jina lake ni ekundu! Ukifungua kamusi utaona vivumishi vyetu vinaandikwa shina peke yake na kistari mbele, -ekundu, -eupe, -eusi, kiambishi unaweka mwenyewe kutegemea unaongelea nini. Mi nadhani kabisa aliyetunga jina alifungua kamusi akachukua shina kama lilivyo. Kinachovutia ni kwamba kuna na Ekundu Griffin, ndege mwenye mwili wa simba, na huyo kadi yake ni nyeupe, kwa iyo ndani ya hadithi Ekundu inaonekana ni jina la mahali tu.

Alafu kuna Mtenda, nalo limekaa kama jina la mahali au la watu, Mtenda Herder ni mchungaji, Mtenda Lion simba, Mtenda Griffin. Mtu akinishambulia na mchungaji huyo mi huwa nakumbuka ule msemo wa mtenda akitendewa. Kuna msitu wa Mwonvuli kwenye hadithi ya Jamuraa, na kwenye seti ya Weatherlight ya 1997 kuna kadi ya Mwonvuli Ooze, mimi kila nikilisoma naona mwamvuli, naona kivuli cha miti mikubwa, sina uhakika kama ndo walichokusudia ila sikio langu halitaki kusikia kingine. Dola ya Suq'Ata ni ya wafanyabiashara na suq kwa Kiarabu ni soko. Zuberi, Rashida, Jabari, Hakim, haya ni majina ya watu tunaosalimiana nao kila siku, humu Zuberi ni kiongozi wa magrifini anayewapa wenzake wote +1/+1 na Rashida ni muuaji wa majoka.

Lakini mawili nayapenda kuliko yote kwa sababu jina na kazi vimeshikana. La kwanza ni Afiya Grove, kichaka cha afya, na afiya hiyo yenye i ni namna ya zamani ambayo bado unaikuta kwenye mashairi. Kadi inaingia na kaunta tatu za +1/+1, kila mwanzo wa zamu yako unampa kiumbe kaunta moja, zikiisha kichaka kinaondoka. Yani kweli kinagawa afya mpaka kinakwisha chenyewe! La pili ni Shauku, Endbringer. Ni vampaya, mnyonya damu, 5/5 anaruka, anaweza kufuta kiumbe kingine mezani na yeye anakua kwa kila anayemfuta. Lakini kila mwanzo wa zamu yako anakunywa pointi tatu za uhai wako wewe uliyemuita, na hawezi kushambulia kama kuna kiumbe kingine chochote mezani, chako au cha mwenzio. Anataka abaki peke yake. Ukiniambia nieleze neno shauku kwa mtu asiyejua Kiswahili, ile shauku mbaya inayomla mwenyewe, nitamuonyesha hii kadi tu.

Umeuliza pia kama kuna Magic iliyochapwa kwa Kiswahili. Hapana, haijawahi. Ndo maana haya maneno machache nayashika kwa mikono miwili.

SWALI: Nimesikia Mirage kuna kadi ya mamia ya dola, Lion's Eye Diamond. Rafiki yangu anataka tuchange tununue boksi zima la pakiti ambalo halijafunguliwa ili tuipate. Unashauri nini?

JIBU: Nashauri mkae chini mpige hesabu kwanza, na hesabu yenyewe ntawapigia hapa.

Pakiti moja ya Mirage ina kadi 15: za kawaida 11, za kati 3, adimu 1. Adimu ziko 110. Tukichukulia kila moja ina nafasi sawa, pakiti moja inakupa nafasi moja kati ya 110 ya kuipata hiyo almasi. Boksi lina pakiti 36. Watu wanagawa 36 kwa 110 wanasema ni thuluthi, sio, maana unaweza ukatoa kadi adimu ileile mara mbili. Hesabu sahihi ni nafasi ya kuikosa mara 36 mfululizo, na hiyo ni kama asilimia 72. Kwa iyo nafasi ya kuipata kwenye boksi zima ni asilimia 28 hivi. Mkitaka ifike nusu kwa nusu mnahitaji pakiti kama 76, zaidi ya maboksi mawili. Na boksi la 1996 lililofungwa ni ghali sana kwa sababu yamebaki machache. Kama mnachotaka ni hiyo kadi basi nunueni hiyo kadi, tena moja iliyochakaa kidogo, inacheza sawasawa na ile safi.

Ila ngoja niwaambie kwa nini ina thamani maana wengi wanajua bei hawajui sababu. Ilipotoka ilidharauliwa sana. Haina gharama, unaweka mezani bure, ukiitoa sadaka inakupa mana tatu za rangi moja unayotaka. Inafanana na ile Black Lotus maarufu ya 1993, tofauti ni kwamba hii kabla ya kukupa mana inakulazimisha utupe kadi zote za mkononi. Sasa watu wakauliza, mana tatu za nini kama mkono mtupu? Walikaa nayo kama takataka. Baadaye zikaja kadi ambazo unaweza kuzirusha kutoka makaburini, hasa kuanzia Odyssey ya 2001, ghafla kutupa kadi ikawa si hasara. Na kuna hii mbinu nyingine ambayo ndo moyo wa kombo zake (kadi zinazoshirikiana kumaliza mchezo) mpaka leo: unarusha kwanza uchawi wa kutafuta kadi, kabla haujakamilika unaitoa almasi sadaka, mkono unatupwa, mana tatu zinabaki zinaelea, alafu uchawi wa kutafuta unakamilika unakuletea kadi uliyoitaka na mana ya kuirusha tayari unayo. Imefika mahali kwenye fomati ya Vintage (fomati ni namna ya kucheza yenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa) unaruhusiwa kuwa nayo moja tu kwenye deki, yani rundo la kadi unalochezea.

Na ipo kwenye ile orodha iliyoanza mwaka 1996, ya kadi ambazo kampuni ya Wizards of the Coast iliahidi kwamba haitazichapa tena. Kwa kadi hii ahadi hiyo imeshikiliwa, basi zilizopo ndo hizo hizo. Mimi binafsi naona inasikitisha kadi nzuri hivi kuwa mbali na mikono ya vijana wanaoanza, lakini ndivyo ilivyo.

SWALI: Kadi za Mirage zinaruhusiwa kwenye fomati ya Modern?

JIBU: Haziruhusiwi, Modern inaanzia Eighth Edition ya 2003. Isipokuwa kadi ambayo ilichapwa tena kwenye seti inayokubalika huko, hiyo unaweza kutumia hata nakala yako ya mnazi. Mirage inachezwa Commander, Legacy, Vintage, na Premodern ambayo imetengenezwa na wachezaji wenyewe kwa ajili ya kadi za miaka hiyo. Angalia tu zilizofungiwa, mfano Mystical Tutor ilifungiwa Legacy mwaka 2010.

SWALI: Sina hela ya kadi adimu. Nina Mirage za kawaida nyingi, zinanifaa nini?

JIBU: Zinakufaa kuliko unavyodhani. Mirage ndiyo seti ya kwanza ambayo waliiunda wakifikiria pia mtu anayefungua pakiti na kucheza nazo papo hapo, sio wa kujenga deki nyumbani peke yake, na Bill Rose na Joel Mick waliokuwemo kwenye kundi la wabunifu walikuwa miongoni mwa watu waliocheza na Garfield tangu mchezo uko kwenye majaribio. Ndo maana kadi zake za kawaida zinashikana vizuri.

Fanya hivi. Chukua kadi zako za kawaida na za kati, changanya, tengeneza pakiti za kubuni za 15, kila mchezaji tatu. Kaeni duara, kila mtu afungue moja achague kadi moja apitishe zilizobaki kwa jirani, mpaka ziishe. Alafu kila mtu ajenge deki ya kadi 40 na ardhi kama 17. Wapanda farasi wa flankingi wanakuwa wababe, zile hirizi tano zinazoitwa Charm, kila moja ina kazi tatu unachagua moja, zinakuokoa kila mara. Na mwenye bahati aliyenayo Spirit of the Night aijaribu ile ndoto: uwe na Urborg Panther, Feral Shadow na Breathstealer mezani, zote tatu ni za kawaida, unazitoa sadaka kwa pamoja anakuja roho wa usiku 6/5 moja kwa moja kutoka kwenye rundo lako. Nimeiona ikitokea mara moja tu maishani na meza nzima ilisimama.

SWALI: Nimetafuta kadi ya yule mchawi Teferi kwenye Mirage sijaiona, wakati kila mtu anasema hii ni hadithi yake. Na Mangara, Jolrael, Kaervek wako wapi?

JIBU: Hawapo. Jina la Teferi liko kwenye kadi kadhaa, Teferi's Drake, Teferi's Isle, Teferi's Curse, lakini yeye kama kiumbe alipata kadi mwaka 2006 kwenye Time Spiral, na Mangara na Kaervek hivyo hivyo mwaka huo. Jolrael aliwatangulia kwenye Prophecy ya 2000. Humu mnaona kazi za mikono yao tu: mwenge wa Kaervek, baraka za Mangara, senta wa Jolrael.

Hadithi kwa kifupi, Teferi alichezea wakati akiwa kisiwani kwake mpaka akatoweka na kisiwa chake, kule kufeizi kote kunatokana na hapo. Nguvu iliyotikisika ikawavuta wachawi watatu. Mangara alikuwa mtu wa suluhu, akazifanya zile nchi tatu, Zhalfir, Femeref na Suq'Ata, zikae kwa amani. Kaervek akamnasa kwa hila akamfungia ndani ya kaharabu, ndipo vita ikaanza, na Jolrael mlinzi wa msitu wa Mwonvuli mwanzoni akadanganywa kusimama upande mbaya.

Hiyo jela ipo kama kadi, inaitwa Amber Prison, itafute kwenye mafungu yako. Unalipa mana nne, unailaza, unakilaza kitu kimoja cha mezani, na kitu hicho hakisimami muda wote jela ikiwa imelala. Zamu yako ikianza unaruhusiwa kuiacha ilale. Siku ukiisimamisha umfunge mwingine, wa kwanza anaachiwa.